Jinsi ya Kupakia Mizigo ya Safari Katika Gari Dogo la Paa la Kukunja

Msafiri anayetoka Tanga kwenda Lushoto au Bagamoyo kwa gari la kawaida haumizi kichwa kuhusu mizigo, kwa kuwa hufungua buti, akapanga mabegi yake, na kisichoenea huko akakiweka kwenye kiti cha nyuma. Mwenye gari dogo la viti viwili lenye paa la kukunja hana kiti cha nyuma, buti lake ni finyu, na juu ya hayo ana paa linalodai nafasi ya kulala kila linapofunguliwa. Magari haya, ambayo kwetu huja zaidi yakiwa yametumika Japani, yalibuniwa kwa raha ya watu wawili barabarani, na mizigo ya watu hao ilifikiriwa baadaye. Hata hivyo wawili hao wanaweza kusafiri kwa siku nne au tano bila kukosa kitu cha maana, mradi wakubali kupanga kwanza na kupakia baadaye.

Kanuni moja inatawala yote yatakayofuata: pakia gari huku paa likiwa limekunjwa, na hakikisha kwamba linaweza kufungwa tena bila kuhamisha hata mfuko mmoja. Wengi hupakia paa likiwa limefungwa, wakajaza nafasi iliyo nyuma ya viti hadi juu, kisha wakagundua wakiwa Muheza kwamba paa halina pa kulala na kwamba safari nzima itakwenda limefungwa. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, yaani kukunja paa na kulaza vitu juu yake, kwa sababu mvua za pwani yetu hazitoi notisi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, wingu likitokea upande wa bahari una muda wa kusimama pembeni, kuvuta paa na kubana vishikizo vyake, wala huna muda wa kutafuta pa kuweka begi.

Lijue buti lako kwanza

Magari ya namna hii yanagawanyika katika makundi mawili, na mpango wa mizigo hutegemea lako ni la kundi gani. Kundi la kwanza ni la paa la turubai linalojikunja nyuma ya viti bila kugusa buti. Mfano unaojulikana zaidi ni Mazda MX-5, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1989. Buti la MX-5 ya kizazi cha kwanza lina lita 124, la kizazi cha tatu lina lita 150, na la kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2015, lina lita 130. Lita hizo unazo wakati wote, paa liwe wazi au limefungwa. Kundi la pili ni la paa gumu linalojikunja na kuingia ndani ya buti lenyewe. Mercedes-Benz SLK ya kwanza, ya mwaka 1996, ina buti la lita 348 paa likiwa limefungwa, lakini likikunjwa zinabaki 145 tu. Daihatsu Copen, yenye injini ya cc 660 hivi, hubaki na nafasi ya mkoba mdogo tu. Mwenye gari la kundi hili asijisifie buti kubwa kabla hajalikunja paa. Katika SLK kuna pazia ndani ya buti linaloonyesha mpaka wa mzigo, na lisipovutwa na kushikizwa mahali pake paa halitembei hata ubonyeze swichi mpaka jioni.

Tarakimu za lita zina udanganyifu wake. Begi dogo la kuingia nalo ndani ya ndege, lenye vipimo vya sentimita 55 kwa 40 kwa 20, lina lita 44, hivyo kwa hesabu ya karatasini mabegi matatu yangeingia katika MX-5 ya kizazi cha tatu bila kusukumana. Lakini buti halikukatwa kwa rula. Matao ya magurudumu yanaingia ndani, sakafu ina mabonde, bawaba za mfuniko zinashuka upande wa ndani zinapofungwa, na mdomo wa buti ni mwembamba kuliko tumbo lake, kiasi kwamba begi linaweza kutosha ndani kabisa na bado likakataa kupita mlangoni. Katika MX-5 za vizazi viwili vya mwanzo kuna pia betri, ambayo imekaa ndani ya buti upande wa kulia. Usiilaze jeki wala spana karibu nayo bila kuvifunga, kwa sababu chuma kikigusa ncha zake mbili kwa pamoja kitawaka, na uko mbali sana na fundi.

Kwa hiyo pima kwa boksi kabla ya kupima kwa macho. Chukua boksi la karatasi ngumu kutoka dukani, likate, lirudishe butini, likate tena, mpaka lipite mdomoni na kukaa ndani huku mfuniko ukifunga bila kusukumwa. Fanya hivyo kwa sehemu ya katikati, kisha kwa kila kona peke yake. Kazi hiyo huchukua sehemu ya asubuhi moja, na ukiimaliza unakuwa na umbo halisi la nafasi yako. Andika vipimo hivyo kwenye boksi lenyewe kwa kalamu nene, pamoja na alama ya upande wa mbele na upande wa juu, kwa maana vipande vya maboksi vikishatoka nje ya gari hufanana vyote.

Begi la kushonesha

Begi gumu la magurudumu, ambalo ni fahari ya wasafiri wengi, halina kazi katika gari hili. Fremu yake, mpini wake wa kuvuta na magurudumu yake vinakula nafasi ambayo ingebeba nguo za siku mbili, na pembe zake hazikubali kuinama kufuata mabonde ya buti. Begi la shangazi kaja lina sifa ya kuwa laini, jepesi na la bei ndogo, na likiwa tupu hukunjwa likawa si kitu. Ila lina tabia ya kufura na kuwa la mraba likijazwa, na zipu zake haziaminiki. Ukilitumia, usilijaze zaidi ya theluthi mbili, ili libaki na nafasi ya kubonyea.

Chaguo lililo bora, na ambalo sisi tulio Tanga tunalipata kwa urahisi kuliko wenzetu wa Ulaya wanaoagiza mabegi ya gari fulani kwa fedha nyingi, ni kumwendea fundi. Ngamiani hakukosekani fundi wa kushona viti vya magari, maturubai au mabegi, na anachohitaji ni lile boksi lako. Mwombe akushonee mabegi mawili au matatu kwa turubai jepesi la pamba au la nailoni nzito, moja likifuata umbo la katikati ya buti, na mengine madogo yenye umbo la pembetatu kwa ajili ya kona zilizo nyuma ya matao ya magurudumu. Zingatia mambo machache unapomwelekeza. Zipu iwe upande wa juu na izunguke pande tatu, ili uweze kufungua begi na kutoa shati bila kuliondoa butini. Mpini uwe wa mkanda laini ulioshonwa mpaka chini ya begi, si wa plastiki, na uwe upande unaoelekea mdomo wa buti, kwa sababu begi lililoingia kwa kubanwa halitoki kama huna pa kushika. Ndani awekee kitambaa kisichopitisha maji, kwa kuwa mipira ya buti la gari kuukuu haizuii maji kama zamani. Mwisho, mwambie apunguze sentimita mbili kila upande wa kipimo cha boksi, naye huenda akakushangaa, lakini begi lililoshonwa sawasawa na boksi litakuwa kubwa kuliko buti mara tu litakapojazwa nguo.

Usijaribu kuziba upungufu wa mabegi kwa mifuko ya rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata kabla ya hapo ilikuwa mibovu kwa safari, kwa sababu hupasuka na kupiga kelele kwenye upepo. Kwa kutenganisha nguo ndani ya begi, foronya za mto zinatosha kabisa. Nguo safi zikae katika moja, chafu katika nyingine, na usiku foronya moja ikirudi kwenye kazi yake ya asili hutakuwa umebeba kitu cha ziada.

Nguo zenyewe zikunjwe kwa kuviringishwa, zikipangwa wima, ili uzione zote kwa mara moja. Doti moja ya kanga hufanya kazi za taulo, shuka, pazia la kubadilishia nguo kando ya barabara, kinga ya jua mabegani, na kitambaa cha kuzuia vitu visigongane, hivyo asiyeichukua kwa kuogopa uzito atajikuta amebeba vitu vitano badala yake. Kikoi kinafanya karibu yote hayo kwa mwanamume. Viatu ndivyo adui mkubwa wa nafasi. Chukua vya kuvaa njiani na kandambili basi, na kama kuna arusi au shughuli inayodai viatu rasmi, vijaze soksi na chupi ndani ili visisafiri vitupu. Anayekwenda Lushoto kati ya Juni na Agosti asidanganyike na joto la Tanga. Milima ya Usambara ina baridi ya kweli, na sweta moja nzito ivaliwe au ilazwe nyuma ya kiti, kwa sababu ukiwa ndani ya gari la wazi utaihitaji kabla ya kulifikia begi.

Kitu kizito kikae wapi

Buti la gari dogo liko nyuma ya magurudumu ya nyuma, na kila kilo unayoiweka huko inalifanya gari likae chini kwa nyuma na kuwa jepesi kwa mbele. Vitu vizito, yaani vifaa vya gari, viatu na vitabu, vikae chini kabisa na vikisukumwa hadi ukuta wa buti ulio upande wa viti. Vyepesi vifuate mpaka mdomoni. Gari la namna hii limeinuka sentimita kumi na kadhaa tu kutoka ardhini, na barabara ya kutoka Tanga kwenda Segera ina vijiji, na vijiji vina matuta. Gari ambalo likiwa tupu hulivuka tuta kwa salama linaweza kulikwangua likiwa na watu wawili na buti lililojaa, ndiyo maana ni busara kulivuka tuta la kwanza taratibu sana na kusikiliza.

Uzito una kipimo chake cha haki katika mkono wako. Wapagazi wa misafara iliyoanzia Bagamoyo katika karne ya 19 walibeba mzigo wa frasila mbili hivi kila mmoja, yaani takriban kilo 32, nao walikuwa watu waliozoea kazi hiyo. Begi lako lisifike hata robo ya hapo, kwa sababu utalitoa ukiwa umeinama, mikono ikiwa imenyooka mbele, juu ya rangi ya gari unayoipenda. Begi usiloweza kuliinua kwa mkono mmoja kutoka butini ligawanywe mara mbili.

Pakia usiku wa kuamkia safari, si alfajiri. Kinachohitajika mwisho kiingie kwanza, na kinachohitajika njiani kiwe cha juu: makoti ya mvua, vifaa vya pancha, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari. Hivi viwili vya mwisho askari wa usalama barabarani huvitaka, na si ajabu ukaulizwa Muheza na tena Segera, kwa hiyo kuvichimba kutoka chini ya mabegi kila mara ni kujitafutia foleni ya watu wa kukushangaa. Ukimaliza, funga paa, likunje, lifunge tena. Kisha endesha mpaka barabara isiyo na watu, fika mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, na ukanyage breki kwa nguvu. Kitakachogonga kitakueleza mahali kilipo. Bora kikueleze mtaani kwako kuliko kwenye kona za kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, ambako kwa zaidi ya kilomita thelathini mzigo husukumwa kulia na kushoto bila kupumzika, na begi lililolegea hufika Soni likiwa limekwishapindua kila kitu.

Ndani, kwenye upepo

Anayefungua paa kwa mara ya kwanza hudhani kwamba upepo unapita juu kuelekea nyuma, kumbe sehemu yake hugeuka nyuma ya viti na kurudi mbele kwa nguvu. Ndiyo maana risiti, kofia na barakoa huinuka kutoka miguuni na kutoka nje zikielekea pasipotarajiwa, na ndiyo maana kwenye barabara ya vumbi vumbi huingia kwa nyuma. Kitu chochote kisicho na uzito wa kutosha kujishikilia kikae ndani ya kisanduku cha dashibodi, ndani ya kisanduku kilicho kati ya viti, au ndani ya mfuko uliofungwa zipu. Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Ushungi ufungwe kwa ndani ya nguo na ncha zake zisiachwe zikipepea, kwani hilo ni suala la usalama kabla halijawa la mapambo.

Nafasi ya nyuma ya viti katika gari la paa la turubai ni ya paa. Kinachoruhusiwa kukaa pale ni kitu chembamba na laini kilicho chini kabisa, kama vile koti la mvua lililokunjwa au kanga. Katika MX-5 za mwanzo kioo cha nyuma ni cha plastiki laini kilichoshikwa na zipu, na zipu hiyo hufunguliwa kabla ya kukunja paa ili plastiki ilale bapa bila mkunjo wa kudumu. Ukiacha pale mwavuli, chupa au kitu chochote chenye ncha, paa litakaposhuka litakibana kwenye plastiki hiyo, na ufa wake hauzibiki vizuri. Angalia pia vitundu vya kutolea maji vilivyo pembeni ya eneo hilo, karibu na mikanda ya usalama. Vumbi na majani vikiviziba, maji ya mvua hushuka ndani ya gari na kulowesha zulia chini ya viti, mahali ambapo wengi huweka mikoba.

Sehemu ya kuwekea miguu ya abiria inaweza kubeba mkoba mmoja laini, mradi miguu ibaki na nafasi. Upande wa dereva usiwe na kitu hata kimoja. Chupa ya maji inayobingirika ikaenda kukaa chini ya pedali ya breki ni hatari isiyohitaji maelezo. Maji ya kunywa yafungwe katikati au yashikwe na abiria. Unaposafiri peke yako, kiti cha pili ni buti la ziada la thamani kubwa, lakini begi lifungwe mkanda wa usalama kwa kuupitisha mkanda ndani ya mpini, na lisizidi urefu wa mgongo wa kiti.

Jua la pwani linalipiga gari la wazi moja kwa moja. Dawa, hasa zile zinazohitaji ubaridi kama insulini, pamoja na simu na betri za akiba, zisilazwe juu ya dashibodi wala kwenye kiti, bali zikae kwenye kibegi cha kutunza baridi miguuni pa abiria. Kuhusu wezi, turubai hukatwa kwa wembe, na mara nyingi gharama ya paa jipya inazidi thamani ya kilichoibwa. Ukiegesha, gari lionekane tupu. Kila kitu kiwe butini, na kiingizwe humo kabla hujafika unapoegesha, si mbele ya macho ya watu waliokaa kibarazani.

Tairi la akiba na masurufu

Kishawishi cha kutoa tairi la akiba ili kupata nafasi ni kikubwa, na jibu lake ni hapana. Ila lijue tairi lako. Katika magari mengi ya kundi hili ni tairi jembamba la muda, lililoandikwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, ambalo hujazwa upepo wa paundi 60, na mara nyingi halijaguswa tangu gari lishuke melini. Lipime kabla ya safari. Jambo ambalo wachache hulifikiria ni hili: ukilifunga tairi hilo jembamba, lile kubwa lililopata pancha halitaenea mahali lilipotoka jembamba. Katika MX-5 za mwanzo mara nyingi huishia mapajani pa abiria au juu ya kiti chake. Kwa sababu hiyo beba gunia moja tupu la kulifungia, na beba pia nyuzi za kuzibia pancha pamoja na pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye gari, ambavyo pamoja havizidi ukubwa wa kopo la unga na mara nyingi vitakuepusha na zoezi zima la kubadilisha tairi. Baadhi ya magari mapya, MX-5 ya kizazi cha nne ikiwamo katika nchi nyingi, hayana tairi la akiba kabisa, na kwa hayo vifaa hivi ni lazima. Upepo wa matairi manne ufuate stika iliyoko kwenye nguzo ya mlango. MX-5 za kizazi cha kwanza ni paundi 26, kiasi ambacho mjaza upepo atakuambia ni kidogo, naye usimsikilize.

Masurufu ya njiani yawe ya kuliwa kwa mkono mmoja na yasiyo na mchuzi. Katlesi, kachori na mkate wa kumimina, vikiwa katika kopo lenye mfuniko, vinamfikisha mtu popote. Samaki wabichi wasiingie butini kwa namna yoyote, na kidumu cha petroli vilevile, kwa maana vituo vya mafuta vipo njia nzima ya lami.

Mzigo wa nje

Kuna keria ndogo zinazofungwa juu ya mfuniko wa buti kwa mikanda na vikombe vya mpira. Zinafaa, nazo haziingiliani na paa, lakini bati la mfuniko ni jembamba na mtengenezaji wa keria huandika uzito wa mwisho ambao si wa kujadiliana nao. Weka juu yake begi moja jepesi lisilopitisha maji, lililojaa nguo, na uangalie lisizibe taa ya breki ya katikati wala namba ya gari. Katika kufunga, waige waendesha baiskeli na bodaboda wa Tanga, ambao hutumia vipande virefu vya mpira wa tyubu. Mpira hujivuta wenyewe mzigo unaposhuka, na haukwaruzi rangi. Inaumiza kulisema katika mkoa ulioishi kwa mkonge tangu miche ya kwanza ilipoletwa mwaka 1893, lakini kamba ya katani haifai hapa, kwa sababu hujikaza ikilowa na kulegea ikikauka, na nyuzi zake hula rangi. Baada ya kilomita chache za mwanzo simama, shika mzigo, utikise, ukaze tena.

Ikiwa baada ya yote haya mzigo bado unazidi, lipe basi kazi yake. Mabasi yanayotoka Tanga hupokea vifurushi, na begi kubwa la nguo za arusi linaweza kukutangulia stendi huku wewe ukija na gari jepesi. Liandike jina na namba ya simu pande mbili, chukua risiti, na usiweke humo fedha, hati wala simu.

Kurudi

Mizigo ya kurudi ndiyo inayovunja mipango, kwa kuwa kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Shangazi wa Lushoto atakuletea peasi na kabeji, na mwenyeji wa Muheza hatakubali upite bila machungwa. Ondoka nyumbani buti likiwa na nafasi ya wazi ipatayo robo, na ubebe mfuko mmoja mtupu wa salfeti uliokunjwa chini ya zulia. Matunda yagawanywe katika vifuko vidogo vya wavu vinavyoweza kujipenyeza kwenye kona, kwa sababu gunia moja la machungwa halitapita mdomoni hata likipigwa magoti. Likikushinda, mshukuru mwenyeji kwa heshima, chukua sehemu, na umwombe iliyobaki aitume kwa basi. Hakuna atakayekasirika akiliona buti kwa macho yake, hivyo mfungulie alione.

Anayerudi kutoka Bagamoyo atumie njia ya lami ya kilomita 64 hadi Msata, kisha apande kuelekea Segera. Njia ya pwani ya kupitia Saadani na Pangani inavutia, lakini gari la chini lililojaa mzigo lisiingizwe huko kabla ya kuwauliza madereva waliopita siku hiyo hali ya barabara ilivyo, hasa baada ya mvua.

Ukifika nyumbani, toa mzigo wote usiku huohuo, hata kama umechoka. Inua zulia la buti na upitishe mkono chini yake, kwa kuwa maji hujificha pale bila kuonekana na kuozesha bati. Safisha vile vitundu vya kutolea maji nyuma ya viti kwa kipande laini cha kamba ya nailoni, mpelekee fundi tairi lililopata pancha, rudisha lile jembamba mahali pake, na uache mfuniko wazi mpaka asubuhi ikiwa gari limelala ndani ya uzio.